Tulivyoshukuru kwa Kontena

Shule ninayosafisha ina korido ndefu inayoanzia ofisi ya mwalimu mkuu na kuishia kwenye vyoo vya wasichana, na ukutani kumetundikwa picha za wanafunzi tangu shule ilipofunguliwa. Kuzifuta ni kazi yangu ya Ijumaa mchana, watoto wakishaondoka. Nimezifuta miaka mingi kiasi kwamba nyuso zile nazijua kuliko ninavyowajua majirani zangu kule Isipingo. Wao hunisalimia kwa Kizulu, "sawubona", nami hujibu "yebo", na hapo maongezi yetu ya siku huwa yamekwisha.

Picha zinasomeka zenyewe. Ukianzia ofisini, watoto wote ni Wazungu, watoto wa watu wa reli na wa bandarini, soksi zimevutwa mpaka magotini, hakuna anayecheka. Unatembea na ndoo yako, unafuta, unatembea tena, na bado ni Wazungu. Karibu na mlango wa maktaba anatokea msichana mmoja wa Kihindi mstari wa nyuma, kainamisha kichwa kama aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Picha inayofuata ina watoto watatu weusi, wamesimamishwa pamoja pembeni. Kuanzia hapo wanaongezeka, na ukifika kwenye vyoo Mzungu aliyebaki ni mwalimu wa muziki peke yake. Mgeni yeyote anaweza kuijua historia ya shule kwa kutembea tu, bila kumsumbua mtu.

Kitu kimoja hakikuwamo ukutani, nacho ni kontena.

Lilikaa nyuma ya jengo, kati ya mapipa ya taka na ua wa waya unaotazamana na reli. Lilikuwa la bati jeupe, lina dirisha moja refu na ngazi tatu za mbao. Kwa miaka minne humo walisomeshwa watoto wetu sisi tuliotoka Burundi na Kongo, wa umri wote pamoja, wakiwa na mwalimu wao mmoja na saa yao ya mapumziko, tofauti na ya wenzao. Binti yangu alikaa humo yote minne. Siku hizi yuko chuo, Westville, anasomea ualimu, na ukimuuliza habari za shule ya msingi atakwambia kuhusu kontena kabla hajakwambia jambo jingine lolote.

Sasa niseme lililonifanya nikae chini kuandika. Wazazi walikubali kontena kwa sababu mimi niliwaambia wakubali. Binti yangu hakujua. Aliamini kwamba mwalimu mkuu wa wakati ule alitulazimisha, na mimi nilimwacha aamini hivyo mpaka akawa mtu mzima wa kunirekebisha Kiingereza changu.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mwalimu mkuu, mama mpole aliyekuwa akiongea kama mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa, aliniita ofisini, mopu bado mkononi. Akanipa barua. Ilisema watoto wanaoongea Kiswahili wawekwe darasa lao, kwa muda, mpaka Kiingereza chao kikomae. Akaniomba niwaeleze wazazi siku ya Jumamosi, kwa kuwa wengi hawakumwelewa, na mimi ndiye niliyekuwa na lugha zote. Sikuwahi kuombwa kitu na mtu wa ofisini. Kabla ya hapo alikuwa akinionyesha tu mahali palipomwagika chai. Nilitoka mle nimevimba kichwa, nasema kweli.

Lakini si kichwa tu. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Kigoma. Kule shule yetu ilikuwa yetu: walimu Warundi, vitabu vya Burundi, Kirundi na Kifaransa, ili siku ya kurudi nyumbani isitukute tumesahau. Watoto wa Kitanzania walisoma shule zao nje ya kambi. Kiswahili tulikiokota sokoni na kwenye foleni ya maji. Hakuna aliyetuambia kwamba kuwekwa kando ni dharau. Kuwekwa kando ndiko kulikokuwa shule yenyewe, na mtoto aliyekaa na watu wa kwao alikuwa salama, mwalimu anamjua mpaka bibi yake. Kwa hiyo nilipoisoma barua ile niliona kambi, na katika maisha yangu yote mahali nilipocheka sana ni pale, nikiwa na miaka minane, katika darasa lisilo na milango. Nilifurahi kwamba mwanangu naye atapata chake.

Jumamosi wakaja wazazi kumi na wanne, wamevaa nguo za kanisani. Kila mmoja alikuwa na bahasha yake ya plastiki yenye karatasi zote za ukimbizi, maana watu wetu wakiitwa mahali popote huja na karatasi zote, hata kama wameitwa kunywa chai. Nikasimama mbele, nikawasomea barua kwa Kiswahili. Walinisikiliza kama wanavyomsikiliza mchungaji.

Baba mmoja Mkongo, kinyozi mwenye kibanda chake karibu na stendi ya teksi, ndiye aliyeinua mkono.

"Mama, sasa watoto yetu watakaa peke yao? Iko sawa vile?"

"Iko sawa, papa," nikamjibu. "Ni muda kidogo tu. Watakuwa na mwalimu wao, watasaidiana. Sisi kule kambini tulisoma hivyo, na ona, si niko hapa mbele yenu?"

Wakacheka. Kinyozi akasema, "Basi kama mama amesema, sisi tunasaini." Wakasaini kwa zamu, kwa kalamu yangu, wote ila mmoja.

Huyo alikuwa baba mmoja Mkenya, mtu wa chuo, aliyekuwa amepanga nyumba karibu na shule. Yeye aliichukua barua akaisoma mwenyewe kwa Kiingereza, akaisoma mara ya pili, kisha akairudisha mezani bila kusaini. Akaniambia kwa upole, "Dada, mimi mtoto wangu atabaki na wenzake." Mtoto wake akabaki jengo kubwa na hakuna aliyemgusa. Alipotoka niliwaambia wenzangu kwamba Wakenya wanajisikia. Nikikumbuka hilo naona aibu mpaka masikioni.

Kama mambo yangeishia kwenye sahihi, pengine ningeweza kujitetea. Lakini sisi Warundi hatujui kupokea kitu tukanyamaza. Kwetu shukrani lazima iwe na kinywaji na msemaji. Vinywaji vinawekwa mbele ya wenyeji, msemaji anasimama, anaeleza mmetoka wapi na mnashukuru nini, na mwenyeji akishajibu ndipo chupa zinafunguliwa. Harusi ni hivyo, msiba ni hivyo, hata ukipewa mbuzi ni hivyo. Wakongo wetu walituona wa ajabu kidogo, ila kwa sherehe hawakatai. Wiki ya pili baada ya darasa kufunguliwa tukaenda na kreti mbili za soda, wazazi karibu wote, tukasimama mbele ya kontena lenyewe, na msemaji nilikuwa mimi.

Kreti zilibebwa na mtunza uwanja, mzee wa Kizulu aliyekuwa ameajiriwa pale tangu ujana wake. Tulikuwa tukila pamoja saa sita, tukizungumza kwa Kiingereza chake na changu, kila mmoja akikiona cha mwenzake kibovu kuliko chake. Nilimwita baba, naye akaniita mama ingawa ningeweza kuwa binti yake. Alizitua kreti zile kwenye ngazi ya mbao, akasimama kando na kofia mkononi. Nilisoma hotuba yangu kwa Kiswahili, kisha nikaifupisha kwa Kiingereza changu cha mopu. Mwalimu mkuu alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Katibu wake akapiga picha. Chupa zikafunguliwa, na mimi nikamkimbilia mzee na ya kwake, ya chungwa, baridi.

"Cha, mama," akasema, akitikisa kichwa. "Ngiyabonga." Hapana, asante.

Nilifikiri ni sukari, maana wazee wengi hapa wana sukari. Niliiacha chupa kwenye ngazi, ikabaki pale mpaka nyuki wakaijaa.

Muda ule kidogo nilioahidi ukawa mwaka, ukawa miaka miwili. Kila siku nilipita na ndoo nikielekea kwenye mapipa, na kila siku nikamwona binti yangu dirishani. Mwanzoni alikuwa akinipungia. Baadaye akaacha, akawa ananitazama tu. Watoto wa jengo kubwa walipokuwa uwanjani, wa kwake walikuwa ndani, na wa kwake walipotoka uwanja ulikuwa mtupu. Kiingereza kitakomaa na nani, kama hawamsikii mtu akikiongea isipokuwa mwalimu wao? Swali hilo mtoto mdogo angeliuliza. Mimi sikuliuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshashukuru, na aliyeshukuru hadharani hajui atarudi kwa mlango gani.

Mwaka wa tatu kinyozi alikuja kumchukua mtoto wake mapema, akafungua begi lake pale pale uwanjani. Nilikuwa napiga deki veranda. Alinijia na kitabu mkononi.

"Mama, mtoto yangu iko na miaka tisa. Hii ni kitabu ya mtoto wa miaka sita. Ni wewe ulituambia."

Hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu, mimi hasira zangu ziko karibu. Nilisema nitamuuliza mwalimu mkuu, naye akasema, "Hapana, acha. Umesema vya kutosha." Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu, benchi nililokaa likabaki na mimi na mwanangu tu. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia, wakauliza afya yangu, wakaenda kukaa kwingine. Walipokuwa wakialikana kwa ubwari, ugali wetu wa muhogo, siku za Jumapili hawakunialika, na mwanangu alipouliza kwa nini hatuendi nilimwambia nimechoka. Mimi huyo, niliyekuwa nikipigiwa simu na kila aliyepata barua ya serikali.

Mwalimu mkuu mpya alipokuja akalifunga kontena ndani ya mwezi mmoja. Watoto wakarudishwa jengo kubwa, nyuma kwa madarasa mawili. Binti yangu alikuwa na miaka kumi, akakaa na wa miaka minane, magoti yanagonga dawati. Hakulalamika. Alisoma kwa hasira, na hasira ile ndiyo iliyomfikisha alipo. Kinyozi na wengine wakahama mmoja mmoja, wengine Johannesburg, wengine wakapata safari za Kanada na Australia. Kila aliyeondoka alifanyiwa sherehe ya kuagwa, na nilizisikia baada ya kupita.

Mara moja tu nilimuuliza mzee kuhusu ile soda. Alikuwa amebakiza wiki chache kustaafu. Aliniambia kwamba alipoanza kukata nyasi pale watoto wake hawakuruhusiwa kuingia hata getini, walipanda basi kwenda shule ya mbali iliyojengwa kwa ajili ya watu kama wao. Akanielekeza kwa kidole upande wa kilima cha Bluff, akasema hata watu wa lugha yangu walikuwa wakiishi kule juu zamani, walioletwa kutoka pande za Zanzibar, na serikali ya wakati ule ikawatoa, ikawapeleka kando, kila watu na mahali pao.

"Kila watu na mahali pao," akarudia. "Na nyinyi mkaja na soda."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa na furaha sana, mama. Sijui ningeanzia wapi."

Nilimkasirikia siku mbili. Kisha nikamkosa kuliko nilivyofikiri ningeweza kumkosa mtu asiye ndugu. Tangu aondoke nakula chakula changu cha saa sita nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, stoo, mlango nusu wazi.

Mwaka huu shule imekuwa ikijiandaa kusherehekea umri wake, na ofisi ikatoa maboksi ya zamani ili kujaza nafasi zilizo wazi ukutani. Jumatatu moja nikaingia koridoni na kuiona, jirani kabisa na vyoo, kwenye fremu mpya ya mbao: kontena, mwalimu mkuu yule mpole, kreti mbili, wazazi wenzangu na nguo zao za kanisani. Katikati nimesimama mimi, nimeinamia karatasi, kitambaa cha kichwa kimeficha nusu ya uso. Chini wameandika kwa Kiingereza kwamba ni wazazi wa kigeni wakiishukuru shule. Nikaegemea ukuta niliokuwa nimeufuta mwenyewe.

Siku mbili baadaye binti yangu akapiga simu. Huwa anapiga Jumapili, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Mama, prof wetu anataka kila mtu aandike historia ya shule yake ya kwanza. Mimi nitaandika ya kontena. Nakuja Ijumaa kupiga picha ukutani, sharp?"

"Utakuja saa ngapi?"

"Saa nane. Na nataka kukuuliza pia, mama. Nataka kujua nani aliwaambia wazazi wakubali. Mtu hawezi tu kukubali hivyo."

Nikamwambia aje, nitampikia. Alhamisi jioni, walimu wakishaondoka, nikaitoa picha ile kwenye msumari, nikaifunga kwa mfuko mweusi wa taka na kuiweka stoo nyuma ya mopu. Niliosha mikono nikaenda kupanda teksi.

Ijumaa alikuja amevaa suruali ya jinzi na begi mgongoni, mrefu kunishinda, akanibusu shavuni. Nilitembea nyuma yake na kitambaa changu, kama msaidizi. Alipiga picha za watoto wa soksi ndefu. Alipiga ya yule msichana wa Kihindi, akasema, "Eish, maskini huyu." Aliwahesabu wale watatu. Alikuwa akiongea peke yake kwa Kiingereza, akiirekodi sauti yake kwenye simu, na mimi nilijivuna mpaka nikasahau kwa dakika kadhaa ni kitu gani nilichokuwa nimekificha.

Tukafika mwisho. Akatazama ukuta wenye msumari, akatazama pande zote mbili.

"Na sisi tuko wapi?"

"Labda hawakupiga picha," nikasema.

"Miaka minne, mama. Hata moja?"

Akakaa kwenye benchi la watoto wanaosubiri zamu ya choo. Nilidhani atakasirika, nikawa tayari, maana hasira yake naijua, ni yangu. Hakukasirika. Aliongea polepole, akitazama viatu vyake.

"Unajua, mama, siku zingine nafikiri labda haikuwa hivyo. Labda shule haikututenga. Labda mimi ndiye nilikuwa mjinga, wakaniweka na wajinga wenzangu, nami nimekuza maneno. Wenzangu wote wameondoka, sina hata wa kumuuliza. Prof atasema iko wapi ushahidi. Basi, nitaandika juu ya kitu kingine."

Nimeishi na mtoto huyu tangu kuzaliwa kwake na sikujua kwamba analala na swali hilo. Miaka yote nilikuwa nikiilinda aibu yangu, kumbe aibu nyingine nimemwachia yeye aibebe. Nilijikaza kisabuni. Nikaenda stoo, nikatoa mfuko mweusi, nikaufungua mbele yake juu ya benchi.

Hakuniuliza ilitoka wapi. Aliipeleka karibu na macho, na kidole chake kikaenda moja kwa moja dirishani, nyuma ya wazazi, ambako kuna nyuso ndogo zimebanana kwenye kioo. Mimi sikuwahi kuziona. Nilikuwa nimetazama karatasi yangu tu.

"Huyu ni mimi," akasema. "Ona nywele. Ulikuwa umenisuka mbili." Akawataja wengine mmoja baada ya mwingine, majina yote, akicheka na kufuta macho kwa mkono wa sweta. "Tuko saba. Mama, tuko hapa."

"Mko hapo."

Kidole kikarudi mbele.

"Na huyu mwenye karatasi?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unasoma nini?"

"Shukrani."

"Ya nini?"

Nikamwambia yote, nimesimama, kitambaa cha vumbi mkononi. Barua, Jumamosi, kambi, Mkenya, kalamu yangu, soda. Nikamwambia kwamba aliyewaambia wazazi wakubali ni mimi, na aliyeitoa picha ukutani jana ni mimi. Sikulia, mimi si mtu wa kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kufanya. Kisha akaipiga picha ile kwa simu yake, mara tatu, akalivaa begi.

"Teksi zitajaa," akasema.

"Nimepika."

"Siku nyingine, mama."

Niliitundika picha kwenye msumari wake. Nyumbani nililila pondu lile, kisamvu nilichompikia, siku tatu, mimi na sufuria. Jumapili hakupiga. Jumapili ya pili nayo hakupiga, wala ya tatu, na mimi sikupiga kwa sababu nilikuwa nimeshaongea. Siku za kazi zilipita kwa sababu zina kazi. Jumapili nilikaa kitandani na simu mapajani, imejaa chaji, naisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta kwa Kizulu, nikielewa neno moja katika matano.

Alipiga Jumatano, saa ya chakula. Nilikuwa juu ya ndoo yangu.

"Mama, uko na ile karatasi? Ya hotuba?"

"Ilipotea zamani."

"Unakumbuka maneno?"

Ninayakumbuka. Kwetu hotuba ni kitu unachokikariri, nami niliikariri ingawa siku ile nilishikilia karatasi. Nikaufunga mlango wa stoo, nikasimama, maana sikuweza kuyasema nimekaa. Nikamwambia pole pole ili aandike: sisi wazazi tuliotoka mbali, tuliopita njia nyingi, tumekuja mbele yenu na kinywaji hiki kidogo. Tulipofika hatukuwa na mahali. Leo mmewapa watoto wetu mahali pao, na mwalimu wao, na mlango wao. Mtoto aliyewekwa na wenzake halii. Tunawashukuru, na tunawaomba msichoke nao.

Upande wa pili vidole vilikuwa vikigonga kompyuta. Viliendelea kidogo baada ya mimi kunyamaza.

"Uliamini, mama? Wakati ule?"

"Niliamini yote. Hilo ndilo linalonitesa."

"Okay. Nitaandika kwamba uliamini." Akavuta pumzi. "Lakini hapa nimeandika 'mzazi mmoja'. Mzazi mmoja aliwaambia wengine wasaini, mzazi mmoja alisoma shukrani. Niache hivyo? Hakuna atakayejua."

Nikatazama mopu zangu zilizoning'inia. Nikamwambia hapana, afute.

"Niandike nini?"

"Andika kwamba alikuwa mama yako."

Nikasikia vidole vyake vikigonga tena, anaandika.